George Pocock: Fundi aliyewaundia boti hadi wapinzani

CHUKULIA kuna fundi mmoja tu nchini anayejua kushona viatu vya mpira, na ndiye huyo huyo anayewashonea Simba na Yanga. Anaishi mtaa mmoja na Simba, anakunywa nao chai, na karakana yake ipo ghorofani, juu kabisa ya chumba chao cha kubadilishia nguo. Halafu siku ya dabi Yanga wanapigwa tatu bila. Kesho yake asubuhi unadhani watu wa Jangwani watasema nini kuhusu viatu vyao?

Hayo ndiyo maisha ya George Pocock. Tofauti ni kwamba yeye hakushona viatu. Aliunda boti za mashindano ya kupiga makasia za vyuo vikuu vya Marekani, na dabi yake ilikuwa Washington dhidi ya California. Karakana yake ilikuwa ndani ya banda la timu ya Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle. California walikuwa wateja wake. Na kufikia miaka ya 1930, karibu kila chuo kilichojiheshimu katika mchezo huo nacho kilikuwa mteja wake. Kwa maana hiyo siku ya mashindano makubwa jamaa hakuwa na namna ya kupoteza. Pia hakuwa na namna ya kukwepa lawama.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, boti kubwa ya mashindano inabeba watu tisa. Wanane wanapiga makasia, kila mtu kasia moja, wote wameupa mgongo upande wanakokwenda. Wa tisa ni mtu mwepesi, anakaa nyuma kabisa akiwatazama, anashika usukani na kuwapigia kelele za mdundo. Boti yenyewe ina urefu wa karibu mita 19, lakini upana wake ni sentimita 60 tu, na enzi za Pocock ubao wa ubavuni ulikuwa na unene wa milimita 4 hivi. Ukikanyaga vibaya unatokea upande wa pili. Katika chombo cha namna hiyo, fundi ni nusu ya timu.

Ukoo wa mafundi

Pocock alizaliwa Machi 23, 1891 mjini Kingston, kando ya Mto Thames, Uingereza. Kwao ufundi wa boti ulikuwa wa ukoo. Baba yake, Aaron, alikuwa fundi boti, na babu zake wa pande zote mbili walikuwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Babu yake mzaa mama anatajwa kuwa mmoja wa mafundi walioshiriki kuunda Lady Alice, boti ya msafiri Henry Stanley. Ile boti ilitengenezwa kwa vipande ili ibebeke. Novemba 1874 vipande vyake viliondoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, na Machi 1875 ikashushwa ndani ya Ziwa Victoria, si mbali na ilipo Mwanza ya leo, ikalizunguka ziwa lote. Baadaye ikapita Ziwa Tanganyika na kushuka Mto Congo. Kama kuna msomaji wa Mwanza aliyekuwa anajiuliza huyu Pocock anamhusu nini, basi jibu ndilo hilo.

Aaron aliajiriwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa wa Uingereza, kuwatengenezea boti wanafunzi. George alikulia humo karakanani, akajifunza kazi chini ya baba yake kwa randa, patasi na msumeno wa mkono. Alipofikisha umri wa miaka 17 hivi, baba yake akamtaka aingie kwenye mbio za kulipwa pale Putney, London, kwa boti ya mtu mmoja atakayoiunda mwenyewe. Kijana akaiunda, akaingia majini, akashinda na kuondoka na pauni 50. Mwaka 1910 kaka yake, Dick, naye akashinda mbio za Doggett's, ambazo zimekuwa zikifanyika kwenye Thames tangu 1715 kwa vijana wanaohitimu kazi ya kuvusha abiria mtoni.

Lakini kuna jambo moja linakera. Uingereza ya wakati ule, mchezo huu uligawanywa kwa tabaka. Mtu aliyefanya kazi ya mikono kwa ujira hakuhesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa, kwa hiyo hakuruhusiwa kushindana na waheshimiwa kwenye mashindano makubwa kama Henley. George angeweza kumuundia boti mtoto wa tajiri, na hata kumwelekeza namna ya kuvuta kasia. Kushindana naye pale Henley, hapana. Mmarekani John Kelly, aliyewahi kuwa fundi wa matofali, alikataliwa Henley mwaka 1920, na kipengele hicho cha kazi za mikono kilikuwa miongoni mwa sababu. Akaenda zake Olimpiki ya Antwerp mwaka ule ule, akamshinda Jack Beresford, Mwingereza aliyebeba taji la Henley, na kuchukua dhahabu. Waingereza walikiondoa kipengele hicho mwaka 1937. Wakati huo Pocock alishaondoka kitambo.

Banda linaloelea

Mwishoni mwa mwaka 1910 Aaron alipoteza kazi Eton. George na Dick hawakutaka kuwa mzigo kwa mzee, na mwaka 1911 wakapanda meli kwenda Canada, wakavuka nchi nzima hadi Vancouver. Mambo hayakuwa mazuri. Walifanya vibarua vya kila aina, ikiwamo kukata miti, na kwenye kazi mojawapo mashine ilimkata George vidole viwili. Kwa mtu anayetegemea mikono, hiyo ingetosha kuwa mwisho wa hadithi.

Mwaka 1912 klabu ya makasia ya Vancouver ikawaagiza boti mbili za mtu mmoja, kila moja kwa dola 100. Wakapata karakana, kama unaweza kuiita hivyo. Lilikuwa banda chakavu lililojengwa juu ya magogo, likielea bandarini mita kadhaa kutoka ufukweni. Maji yakipwa, banda linakaa kwenye tope likiwa limeinama upande. Yakijaa, maji yanaingia ndani. Maji ya kunywa waliyafuata kwa mtumbwi hadi bustani ya Stanley Park. Humo ndimo walimolala, na humo ndimo walimounda boti ambazo watu wa Vancouver walianza kuzizungumzia.

Siku moja yenye upepo wakamwona mtu anakuja kwa mtumbwi, anapiga makasia ovyo kiasi kwamba walidhani amelewa. Wakamvuta. Mgeni akajitambulisha kuwa ni Hiram Conibear, kocha wa makasia wa Chuo Kikuu cha Washington.

Ndiyo, kocha. Conibear alitokea kwenye besiboli, alikokuwa mtunza viungo wa wachezaji wa Chicago White Sox. Alipopewa timu ya makasia hakuwa ameucheza mchezo huo. Alichofanya ni kuazima mifupa ya binadamu kutoka maabara ya chuo, akaiketisha kwenye kiti cha boti na kuifunga kwenye mpini, kisha akawa anaisogeza mbele na nyuma aone mgongo na magoti yanafanyaje kazi. Watu walimcheka. Lakini alikuwa na macho, na alipoona kazi ya wale ndugu wawili akajua amepata watu.

Conibear aliahidi kuwaagiza boti 12 za wanane. Ndugu wakaona maisha yamefunguka, wakamwita baba na dada yao Lucy waje kutoka Uingereza. Kisha taarifa ikaja kwamba fedha zilizopo zinatosha boti moja tu. Kila mchezaji aliyewahi kuahidiwa mkataba na kiongozi wa klabu anaijua hali hiyo. Hata hivyo walikwenda Seattle, wakapewa jengo lililobaki baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1909, wakaanza kazi.

Kuunda boti ilikuwa sehemu moja tu. George alikulia miongoni mwa wavusha watu wa Thames, watu wanaopiga makasia kutwa nzima kwa ajili ya kula, na alijua mvuto wao mfupi usiomchosha mtu. Conibear alimsikiliza. Mtindo uliotoka kwenye mazungumzo yao ulikuja kubeba jina la kocha, na vyuo vingi vya Marekani viliufuata. Conibear mwenyewe alifariki mwaka 1917 baada ya kuanguka kutoka kwenye mti wa matunda nyumbani kwake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mtu mmoja wa Seattle aliyeanza kuunda ndege alihitaji mafundi wa kutengeneza vielezi vya ndege za kutua majini. Mtu huyo aliitwa William Boeing. Pocock alifanya kazi kwake hadi 1922 na kufikia cheo cha msimamizi. Angebaki pale, huenda leo angetajwa kwenye historia ya ndege. Alirudi kwenye boti.

Mwerezi

Karakana mpya ilikuwa kwenye dari la banda la timu, jengo ambalo jeshi la majini lililijenga mwaka 1918 kwa ajili ya ndege zake. Chini zilipangwa boti za chuo. Ilikuwepo Old Nero, bonge la boti pana lisilopinduka kirahisi, ambalo vijana wa mwaka wa kwanza walianzia kujifunza. Zikafuata boti zilizochoka, kisha zile nzuri za kikosi cha kwanza. Kijana aliyeingia chuoni akitoka shambani au kwenye kambi ya mbao alianzia Old Nero, na kila siku alipita chini ya sauti ya randa ya Pocock juu yake.

Mwaka 1923 kikosi cha kwanza cha Washington kilikwenda Poughkeepsie, karibu na New York, kwenye mashindano ya vyuo, kikiwa na boti ya Pocock. Kikashinda. Vyuo vya mashariki vilivyozoea kuwaona watu wa magharibi kama timu ya daraja la pili vilishtuka, na vikaanza kuulizia ile boti imetoka wapi. Maagizo yakamiminika.

Mwaka 1927 ndipo alipopata kitu kilichomtofautisha na wengine. Kabla ya hapo alikuwa akitumia mbao za kutoka Amerika Kusini, ghali na ngumu kufanyia kazi. Huku kwenye misitu iliyouzunguka mji kulikuwa na mwerezi mwekundu, mti mkubwa mno ambao wenyeji wa pwani ile walichongea mitumbwi kwa vizazi na vizazi, wakati Wazungu wakiupasua kuezekea nyumba. Pocock akaujaribu. Ulikuwa mwepesi, haukuoza haraka, na ulikubali randa kama siagi.

Kuna siri nyingine ndani yake. Ubao ulipikwa kwa mvuke hadi ukalainika, ukakunjwa juu ya mifupa ya boti na kufungwa. Ukishalowa maji unataka kutanuka kwa urefu, lakini mifupa haiuruhusu. Mvutano huo unaikunja boti kidogo sana, kama upinde uliovutwa nusu. Matokeo yake, vijana wanapotoa makasia majini na kujipanga kwa mvuto unaofuata, boti haizubai, inaruka. Wanaopiga mpira wataelewa tofauti ya mpira uliojaa upepo sawasawa na uliolegea. Kwa macho huoni kitu. Mguu ndio unajua.

Barua kutoka California

Sasa turudi kwenye lawama. Kocha wa California, Ky Ebright, hakuwa mgeni Seattle. Aliwahi kuwa mshika usukani wa Washington yenyewe kabla ya kwenda Berkeley mwaka 1924. Pale aliijenga timu hadi ikachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928 na tena 1932. Hakuna aliyebisha kwamba ni kocha mkubwa. Lakini alikuwa na jicho la wivu, na mapema miaka ya 1930 akawa anamwandikia Pocock barua kali. Alilalamika kwamba vifaa anavyopelekewa ni hafifu kuliko vinavyobaki Washington. Akataka bei ishuke. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, vyuo havikuwa na fedha, na Pocock mwenyewe maagizo yalikuwa yamekauka.

Hapo ndipo unapompima mtu. Kumpoteza California kungemuuma sana kwa wakati ule. Njia rahisi ilikuwa kupunguza bei, kisha kupunguza na mbao, gundi na siku za kazi. Hakukubali. Alijibu barua zile kwa upole, akashikilia bei yake na ubora wake, na akaendelea kuwapelekea California boti za mkono ule ule ulioziunda za Washington.

Ukweli usemwe, Ebright hakuwa na wasiwasi wa bure kabisa. Mbao zilikuwa sawa kwa wote, ila Pocock mwenyewe alikuwa Seattle. Vijana wa Washington walipanda ngazi hadi karakanani, wakamtazama akifanya kazi, na yeye aliwaambia mambo ya makasia na ya maisha ambayo hayakuwa kwenye mkataba wowote. Kocha wao, Al Ulbrickson, alikuwa mtu wa maneno machache, na alipomshindwa kijana aliyeitwa Joe Rantz, mwenye nguvu nyingi lakini asiyetabirika, alimwomba Pocock ajaribu kuzungumza naye. Rantz aliachwa na familia yake ajitegemee akiwa bado kijana mdogo, na hakumwamini mtu. Pocock alimwonyesha mbao, taratibu, siku hadi siku, na wakaanza kuzungumza. Mambo kama hayo hayasafirishwi kwa treni kwenda California.

Berlin 1936

Boti mpya ya mwaka 1936 iliitwa Husky Clipper. Kikosi kilichokaa ndani yake kilikuwa cha vijana wa watu wa kawaida, wengine wametokea kwenye mashamba, wengine kwenye uvuvi na mbao. Juni mwaka huo Washington ilibeba mbio zote tatu za Poughkeepsie, za mwaka wa kwanza, kikosi cha pili na kikosi cha kwanza. Kisha wakashinda nafasi ya kuiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki, na papo hapo wakaambiwa fedha za safari hazipo, watafute dola 5,000 wenyewe. Watu wa Seattle walichangishana ndani ya siku chache. Boti ikapandishwa kwenye meli ya Manhattan, na Pocock akasafiri nayo.

Kwenye mchujo walipangwa na Waingereza. Hebu tafakari hiyo kidogo. Upande mmoja vijana wa vyuo vya Uingereza, nchi ambayo kwa sheria yake fundi seremala hakuwa na nafasi. Upande wa pili watoto wa wakulima kwenye boti ya fundi aliyeiacha nchi hiyo miaka 25 nyuma. Wamarekani walishinda kwa dakika 6 na sekunde 0.8, rekodi ya Olimpiki.

Fainali ilikuwa Agosti 14 pale Grünau, Hitler akiwa jukwaani. Wajerumani walishashinda mbio tano kati ya sita zilizotangulia siku hiyo. Wamarekani walipangwa njia ya sita, ya nje kabisa, kwenye upepo na mawimbi, wakati Ujerumani na Italia walikuwa njia za ndani zenye kinga. Don Hume, anayeweka mdundo wa boti nzima, alikuwa mgonjwa. Walianza vibaya na nusu ya kwanza walikuwa mkiani. Kuanzia hapo Bob Moch, mshika usukani, akapandisha mdundo, akapandisha tena, na mita chache za mwisho boti tatu zikaingia kama mstari mmoja.

Marekani 6:25.4. Italia 6:26.0. Ujerumani 6:26.4. Kati ya dhahabu na shaba ni sekunde moja kamili, baada ya mita 2,000. Kwenye tofauti ndogo namna hiyo, hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani kilikuwa mapafu ya vijana na kiasi gani ule mkunjo wa mwerezi. Pocock hakuwahi kujaribu kujipigia hesabu hiyo.

Mwaka 1948 California ya Ebright ilichukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki kwa boti za wanane. Mwaka huo huo Washington ilichukua ya boti ya wanne wenye mshika usukani. Pocock aliendelea kuitwa kuhudumia boti za timu ya taifa ya Marekani hadi Olimpiki ya 1956, na kazi ya karakana ikapita polepole kwa mwanawe Stan, ambaye naye alikuwa kocha. Plastiki zikaja, mwerezi ukaanza kurudi nyuma. George Pocock alifariki mwaka 1976, siku chache kabla ya kutimiza umri wa miaka 85.

Filamu kuhusu kikosi cha 1936 ilitoka mwaka 2023 na naye yumo, mzee anayezungumza kidogo pembeni ya boti. Husky Clipper yenyewe ipo Seattle. Imening'inizwa darini kwenye jengo la timu linalobeba jina la Conibear, na wachezaji wa leo, wanaopiga makasia kwenye boti za nyuzi za kaboni, wanakula chakula chao chini yake.